Mikono Niliyoihesabu

Mimi ndiye niliyehesabu mikono. Naanza na hilo kwa sababu watu wa avenyu yetu, yaani mtaa wetu, wanapoikumbuka habari hii, husema "kura ilipita", kana kwamba kura ni mvua inayokuja yenyewe kutoka upande wa ziwa. Haikuja yenyewe. Nilisimama juu ya jiwe la volkano mbele ya robine, bomba letu la kuchotea maji, na kaye yangu, daftari la shule, mkononi, nikahesabu kwa Kifaransa kama tunavyohesabu shuleni, kisha nikasoma jumla kwa sauti yangu ya darasani ili hata waliokaa nyuma wasikie.

Ninafundisha darasa la tano la msingi hapa Majengo. Naishi na baba yangu katika nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi, kama nyumba nyingi za huku. Baba alikuwa muuguzi Butembo kabla hatujahamia Goma. Sasa miguu haimbebi tena, kwa hiyo maji ya nyumbani ni kazi yangu: bidoni tatu, madumu ya lita ishirini, kila alfajiri, halafu shule. Robine ni moja tu kwa avenyu nzima. Ina kibanda cha mabati na mlango wenye kufuli, na mwenye ufunguo ndiye anayejua leo tutaoga au hatutaoga.

Mwanzoni ufunguo ulikuwa kwa delege wetu, mjumbe wa avenyu. Alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu, mtu wa Butembo kama sisi, rafiki wa baba. Tulimchagua Jumapili moja baada ya misa, kwa makofi, bila mtu wa pili kushindana naye. Kwa miaka kadhaa hatukujuta. Bomba likipasuka, yeye ndiye aliyekwenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka fundi apatikane. Sisi hatukuwa na haja ya kufikiria maji. Tuliyachota tu.

Halafu asubuhi moja wafanyakazi walikuja na sururu, wakachimba barabara, wakatoa tawi la bomba kuelekea nyumba ya etaji, ya ghorofa, iliyokuwa inajengwa upande wa juu wa avenyu. Kufikia jioni maji ya robine yalikuwa membamba kama uzi wa kushonea. Bidoni moja ilichukua muda wa rozari nzima kujaa. Tuliuliza, tukajibiwa kwamba delege ametia sahihi kwa niaba yetu.

Tulikwenda kwake karibu avenyu nzima. Mke wake alikuwa uani anafua, akabaki ameshika shati lenye povu. Delege mwenyewe akatoka, akasimama kizingitini.

"Mulinichagua nifikiri kwa ajili yenu," alisema. "Mwenye nyumba ya etaji aliahidi kubadilisha bomba lote, kutoka juu mpaka chini. Nikaona ni faida. Kama kila kitu niwaulize, nitafanya kazi saa ngapi?"

"Papa, ungetuuliza hiki kimoja," nilisema mimi.

"Na mungesema nini?"

"Tungekataa."

"Unaona sasa."

Watu walipiga kelele. Mtu mmoja alitupa kokoto kwenye bati la nyumba yake, nyingine zikafuata. Yeye hakukimbia. Aliingia ndani, akarudi na ufunguo, akaniwekea kiganjani, labda kwa sababu nilikuwa wa karibu au kwa sababu alinijua tangu utotoni. Ile ahadi ya bomba jipya haikutimizwa, na tangu siku hiyo hakuitwa tena delege.

Wiki ileile nilikuwa nikifundisha elimu ya uraia. Kitabu chetu kina ukurasa mmoja tu juu ya jambo hili: kuna nchi ambako watu wanachagua wajumbe wa kuamua kwa niaba yao, na kuna mahali ambapo watu wenyewe hukusanyika na kuamua. Nilifundisha ukurasa ule mara nyingi bila kuusikia. Safari hii niliusikia. Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, watu wakiwa bado na majembe na fagio mikononi, nilipanda kwenye lile jiwe nikasema tusichague mtu tena. Kila jambo la robine tulipigie kura sisi wenyewe, mkono juu, nyumba moja kura moja, na orodha ya nyumba nitaiandika mimi.

Walipiga makofi kuliko walivyompigia delege. Niliporudi nyumbani nikamsimulia baba. Alikuwa akimenya viazi, hakuinua uso.

"Watu watachoka," alisema.

"Kuchoka kwa kuamua mambo yao wenyewe?"

"Mwanangu, mimi nilikesha na wagonjwa miaka thelathini. Hakuna kitu watu hawachoki nacho."

Miezi ya kwanza ilionyesha kwamba baba amekosea. Tulipiga kura juu ya saa za kufungua, tukazibadilisha, tukaona zilizobadilishwa ni mbaya, tukazirudisha. Tulikubaliana kwamba wenye mimba wasipange foleni. Tuliamua kwamba uamuzi wowote utakuwa halali tu nusu ya nyumba zikiwapo, ili watu wachache wasije wakatuendesha. Hiyo pia niliipendekeza mimi. Mama mmoja muuza makala, makaa ya kupikia, ambaye sikuwahi kumsikia akitamka neno mbele ya wanaume, alisimama siku moja akasema robine ijengewe ukuta wa mawe kwa sababu watoto wanaanguka kwenye tope, na mkono wake ulipofuatwa na mikono mingine alifunika mdomo kwa kitenge ili tusione anavyocheka. Sitaki kusahau kwamba ilikuwapo siku hiyo pia.

Kisha vita vilisogea tena, na watu wakaanza kushuka. Walitoka milima ya Masisi, wengine barabara ya kaskazini, Kalengera na kwingineko. Waliokosa nafasi kambini walijibanza popote. Chini ya avenyu yetu kuna uwanja wa mawe ya volkano ambao hakuna aliyewahi kuujenga, na katika wiki chache ulijaa vibanda vya matawi na maturubai. Watu wa huko chini walichota kwenye robine yetu. Kwa nini wasichote? Hatukuwa na sheria juu yao.

Mmoja wao alikuja shuleni kumwandikisha binti yake katika darasa langu. Alikuwa mama wa umri wangu, mtu wa milimani, mwenye sauti ndogo. Ng'ombe wao walichukuliwa, mumewe alitoka kuwatafuta na hakurudi. Alibaki na binti huyo na mama mkwe wake, mwanamke mzee ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni siku mbili za safari. Alipata kazi ya kufua nguo kwa familia za wanajeshi kule Katindo. Alfajiri tulikutana kwenye foleni. Siku ya tatu au ya nne aliona ninavyohangaika na bidoni zangu, akaichukua moja bila kuniuliza, akaitua mlangoni kwetu, akaenda. Tangu hapo ikawa desturi. Baba alikuwa akimpigia kelele kutoka ndani, "Asante, mama wa Masisi!" naye alicheka.

Tulizungumza mambo madogo. Mara moja tu tulizungumza siasa. Alisema wakati nchi nzima ilipopiga kura, kwao hapakupigwa, kwa sababu ya vita. "Nilikuwa na karte yangu ya kura," alisema. "Nilikuwa nimeifunga kwenye nailoni isilowe. Nilingoja tu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia basi lililompita.

Kiangazi kilipoingia, maji yalipungua mpaka siku mbili kwa wiki. Foleni ilianza kabla ya jua na ilikuwa haiishi. Watu walipanga bidoni tangu jana yake, wengine wakazisogeza za wenzao. Asubuhi moja mwanamke wa avenyu na mwanamke wa uwanjani waligombana, bidoni ikarushwa, na yule wa avenyu akavunjika jino la mbele. Mume wake alikuwa seremala, mtu mpole aliyenitengenezea madawati ya darasani bila kunihangaisha. Ndiye aliyeomba mkutano.

Nyumba nyingi zilikuja, kuliko wakati wowote. Seremala alisema kwa utulivu kwamba hana chuki na mtu. "Lakini maji hayatutoshi sisi wenye parseli, wenye viwanja vyetu hapa. Naomba tupige kura: robine iwe ya avenyu peke yake mpaka mvua irudi. Wale wa chini watafute kwingine."

Mama wa Masisi alikuwa amekuja, amesimama pembeni karibu na ukuta wa mawe. Nilipouliza kama kuna mwenye neno, alisogea mbele hatua mbili.

"Mwalimu," alisema, "na miye ninyanyue mukono?"

Wote walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika orodha. Nilifungua kaye. Nilijua kilichomo, lakini niliifungua na kupitisha kidole kwenye mistari kama mtu anayetafuta.

"Orodha ni ya nyumba za avenyu, mama," nilisema. "Jina lako haliko."

"Haya," alisema, akarudi kwenye ukuta.

Tulipiga kura. Waliokataa walikuwa tisa. Mama muuza makala alikataa. Nyuma kabisa, mbali na wenzake, aliyekuwa delege alikuwa ameinua mkono wake juu, umenyooka, naye nilimhesabu. Kisha nikaita wanaokubali, na mikono ikapanda mpaka sikuwaona waliokaa nyuma. Nilihesabu thelathini. Halafu nikainua wa kwangu, kalamu ya biki bado imo vidoleni, nikajihesabu wa thelathini na moja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Asubuhi ile nilikuwa nimerudi na bidoni moja badala ya tatu. Baba alikuwa hajaoga siku nne, na mtu asiyeweza kusimama anapokosa kuoga siku nne, nyumba nzima inajua. Hiyo ni sababu ya kweli. Nyingine ni kwamba seremala alikuwa ananitazama. Na nyingine ni kwamba thelathini walikuwa wameshatosha. Mkono wangu haukuhitajika, na ndiyo maana ulikuwa mwepesi kuinua.

Wale wa chini walianza kwenda ziwani, safari ndefu kwa mtu mwenye bidoni kichwani. Pale ziwani mara nyingine hukaa mtu mwenye bomba la sindano anayetia dawa kwenye kila bidoni, na mara nyingine hayupo. Mama wa Masisi hakupita tena mlangoni kwetu. Baba aliuliza mara mbili yuko wapi. Nilisema amepata kazi za asubuhi.

Baada ya wiki tatu hivi binti yake alikosa darasani siku moja, ya pili, ya tatu. Nilipotoka shule siku ya tatu nilishuka uwanjani. Kwenye vibanda kulikuwa na harufu ya dawa, na watu wawili wenye mabuti ya mpira walikuwa wanapuliza mawe. Kolera, kipindupindu. Binti alikuwa amelazwa na alikuwa anapona. Bibi yake alikufa njiani, mgongoni mwa mkwe wake, kwa sababu walikuwa wanampeleka kwa miguu.

Nilimkuta mama yule ameketi kwenye jiwe mbele ya kibanda, mikono mitupu magotini. Nilimpa pole. Nilisema nimeleta mchele. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka chini.

"Mwalimu, naomba nikuulize," alisema. "Nani alikata shauri tusichote?"

"Ni avenyu, mama. Kura ndiyo iliyoamua."

"Avenyu."

"Ndiyo."

"Anaishi nyumba gani?" Alikuwa ananitazama vizuri, bila kejeli, angalau mimi sikuiona. "Ningeenda kwake nimwambie. Nimwambie tu, si kugombana. Mama mkwe alikuwa mutu wa sala."

Tulipomkasirikia delege tulikuwa na mlango wa kwenda. Tulimpigia kelele, tulitupa kokoto kwenye bati lake, akatoka tukamwona uso. Huyu mama nimwelekeze mlango upi? Ningeweza kumwambia: anza na wangu. Nilisema, "Pole sana, mama," kwa mara nyingine, nikapanda kwenda nyumbani.

Niliitisha mkutano ili tuifute ile kura. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alisema atakuja. Jumamosi walikuja wachache sana, wengine kwa sababu waliogopa ugonjwa na hawakutaka kusongamana, wengine kwa sababu tu walikuwa wamechoka, kama baba alivyosema. Hatukufika nusu.

"Hatuwezi kuamua," seremala alisema. Naye alionekana ana huzuni. Alikuwa amesikia habari ya yule bibi. "Sheria ya nusu tuliitunga sisi wenyewe, mwalimu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nilirudia Jumamosi iliyofuata. Walipungua zaidi.

Ni katika wiki hizo nilipotoka mapema kuliko kawaida, kwenye giza la kwanza la alfajiri, nikakuta kibanda cha robine kiko wazi. Watu wa uwanjani walikuwa kwenye mstari, wametulia, hawasemi, na aliyekuwa delege amesimama kando ameshika kufuli. Kumbe alikuwa na ufunguo wa pili tangu zamani. Aliniona. Nikakaa nyuma ya mstari na bidoni zangu mpaka zamu yangu ilipofika. Mbele yangu alikuwa mama wa Masisi. Tulisalimiana.

Sikumwambia mtu. Kwa mwezi mzima hivi yule delege wa zamani alifungua kila siku ya maji, saa moja kabla ya wakati wetu, kisha anafunga na kwenda dukani kwake. Hatimaye mtu aliona tope mbichi mlangoni, akavizia. Delege wa zamani akaitwa mbele ya avenyu, na siku hiyo nusu ilifika bila taabu.

"Nani alikupa ruhusa?" waliuliza.

"Hakuna."

"Ulituuza mara ya kwanza, sasa unatutawala tena?"

"Mara ya kwanza nilikosea," alisema. "Leo sioni kosa."

"Si wewe wa kuona! Ni sisi!"

Kuhusu hilo walikuwa na haki, na hapo ndipo akili yangu inapokwama hadi leo. Aliamua peke yake kuhusu bomba la etaji akatukosesha maji. Aliamua peke yake kuhusu ufunguo, na baada ya hapo hatukusikia mgonjwa mwingine kule chini. Ni mtu yuleyule, mwenye kiburi kilekile. Nikimsifu kwa la pili, nitamlaumu vipi kwa la kwanza? Nilimuuliza baba. Alisema rafiki yake siku zote alikuwa mtu asiyependa kuuliza, hata njia, na akaomba nimgeuze upande wa pili.

Walipendekeza kufuli libadilishwe. Nilikataa kuhesabu. Nilimpa seremala kaye, naye akahesabu vizuri bila mimi. Safari hii niliinua mkono upande wa wanaokataa. Tulikuwa sita. Kufuli jipya liliwekwa jioni ileile.

Mvua ilirudi baadaye, na watu wa chini wakakinga maji ya maturubai. Kisha mji ukabadilisha wenye bunduki, na tangazo likapita kwamba waliokimbia warudi kwao, amani ipo. Hakuna aliyewauliza kama ipo. Katika siku chache uwanja ulibaki mawe, majivu na matambara. Mama wa Masisi alikuja kwetu kuaga, binti yake amebeba godoro lililokunjwa. Nilimpa mtoto buletini yake, ripoti ya shule, nikaipiga mhuri ingawa trimestre, muhula wetu, haikuwa imekwisha, ili apokewe shule nyingine. Baba alitaka kuinuka kumpa mkono, akashindwa. Mama akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda chake wakaagana hivyo.

Sasa hatuna delege, wala mikutano. Maamuzi huletwa yakiwa yameshaandikwa, tunasomewa tukiwa tumesimama, kisha tunarudi majumbani. Aliyekuwa delege ameuza duka lake, amerudi Butembo. Seremala anapiga misumari. Tukikutana robineni tunazungumza juu ya bei ya mbao.

Namba ya simu aliyoniachia yule mama iliita mara mbili katika wiki ya kwanza, baadaye ikafa. Sokoni kuna wanawake wanaouza jibini kutoka Masisi, na kila wanapokuja huwa nasimama kwao. Nawaeleza nilivyomjua yule mama: mwenye sauti ndogo, ana binti mmoja wa darasa la tano, mama mkwe alifia Goma. Wanasikiliza kwa heshima. Wanataka kunisaidia. Wananiuliza ni wa kilima gani, kwa sababu Masisi ni kubwa na vilima ni vingi, na hapo nashindwa. Miezi yote ile alinibebea maji, na sikuwahi kumuuliza.